Mpiga Kengele na Mstari wa Tatu

Sogeza kigoda chako huku, wewe unayenisikiliza, nami nitakueleza polepole. Habari hii ukiikimbiza inakuwa kichekesho tu, na yeye hakuwa kichekesho tu.

Nataka nikuonyeshe mwanamke mmoja wa Machame aliyetupigia kengele ya kanisa kwa karibu miaka yote niliyofundisha shule ya msingi kule juu. Tulimwita Mpiga Kengele. Jina lake la ubatizo limo katika kitabu cha usharika, na anayelitaka akalitafute huko. Habari za ukoo wake na mahali alipozaliwa waulize ndugu zake, watakueleza mpaka uchoke. Mimi nitakueleza nilichokiona.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare tangu usichana. Alivaa kanga mbili, juu yake koti la marehemu mumewe, na miguuni mabuti ya mpira, kiangazi na masika. Ukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akakuangalia viatu. Alidai kwamba viatu vinasema mtu anatoka wapi, na mdomo unasema anakotaka udhani anatoka.

Kengele yenyewe ilining'inia kwenye nguzo nne za mbao kando ya kanisa. Kamba yake ilikuwa ya katani, na sehemu aliyoishika yeye ilikuwa imelainika kama mkia wa ndama. Aliipiga Jumamosi saa kumi jioni kutujulisha kwamba Jumapili inakuja, akaipiga tena Jumapili mara tatu kabla ya ibada. Na mtu akifariki aliipiga kwa namna yake, pigo moja, kimya kirefu, pigo lingine, kimya. Kila mtu mlimani aliijua tofauti hiyo. Ya ibada hukimbia, ya msiba hutembea. Tafadhali ushike hapo, maana ndipo tutakapojikwaa.

Nilipohamia pale nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nikidhani kila kitu kina hesabu. Nilisimama karibu naye Jumamosi moja, nikaona midomo yake inacheza.

"Mama, unahesabu mpaka ngapi?" nikamwuliza alipomaliza.

"Sihesabu, mwalimu. Nasali."

"Lakini umepiga kumi na mbili kamili."

"Basi nimesali kumi na mbili kamili."

Akanieleza, na maelezo yake nimeyatumia maisha yangu yote, hata darasani. Kila pigo lilikuwa mstari mmoja wa shairi alilotunga mwenyewe. Mapigo manne yalikuwa shairi moja, akalirudia mara tatu.

"Mstari wa kwanza unamwita," alisema, akinyoosha kidole kilichopinda kidogo kwa kazi. "Usipomwita, nani ageuke? Wa pili unamwambia ukweli, hata kama una aibu. Wa tatu unaomba kitu kimoja. Kimoja, mwalimu! Siyo orodha ya duka la kijiji, maana ukienda na orodha unajua jibu: hakuna, hakuna, hakuna."

"Na wa nne?"

"Wa nne si wako. Vuta kamba, funga mdomo. Naye aseme."

Shairi la jioni ile aliniambia, nami nikaliandika nyuma ya daftari la mahudhurio:

Bwana, nimekuja tena,
Nina uchovu wa jana,
Nipe neno la kunena.

Halafu pigo la nne, bila neno. Ukitaka kuelewa uzuri wake, usilisome haraka. Vuta kamba kwa kila mstari, usikie kengele inavyoliendesha neno mpaka mabondeni, kisha ungoje sauti irudi kabla hujavuta tena. Mizani nane ndiyo iliyotosha katika mvuto mmoja. Hakuna aliyemfundisha mizani. Kamba ndiyo iliyomfundisha.

Serikali ilipotutaka walimu tuwafundishe watu wazima kusoma na kuandika, alikuja darasani kwangu na mabuti yake, akakaa benchi la mbele. Baada ya miezi kadhaa niliwapa zoezi waandike habari ya kilimo cha kisasa. Wenzake waliandika mbolea na nafasi ya mche na mche. Yeye aliandika hivi:

Bwana, ndizi zaanguka,
Bwana shamba kaondoka,
Shuka wewe kwa haraka.

Mkaguzi wa elimu ya watu wazima alipopita, alilisoma daftari lile mara mbili. Kisha akauliza kama huyu mama ana malalamiko dhidi ya idara ya kilimo. Mpiga Kengele akamjibu kwa heshima zote, "Hapana, mwanangu. Malalamiko nimeshayapeleka juu zaidi."

Usinielewe vibaya ukadhani alikuwa mtu wa maneno machache. Sokoni Kiboriloni aliweza kusimama mbele ya debe la maharage kuanzia asubuhi mpaka jua la mchana, akimweleza muuzaji habari za wadudu, za mawifi zake, za chumvi iliyoadimika, na za kuku aliyetaga kwenye kofia. Nilimwuliza kwa nini kwa Mungu ni mistari mitatu na kwa muuza maharage ni asubuhi nzima. Akanishangaa. "Mungu ana watu wengi, mwalimu. Yule wa maharage ananisubiri mimi tu."

Wala usidhani alikuwa mtakatifu wa kuchorwa ukutani. Kila Jumamosi baada ya kengele alipita kwa jirani kupima kibuyu cha mbege, na kila Jumapili asubuhi alikaa kanisani akitikisa kichwa kwa huzuni mwinjilisti alipokemea pombe. Nilipomtania alisema mkono uliovuta kamba umekauka. Nikamwambia mbege hainywewi kwa mkono. "Ndiyo maana wewe ni mwalimu na siyo daktari," akasema.

Sasa lazima nimlete Katibu, maana bila yeye huwezi kumwelewa Mpiga Kengele.

Katibu alikuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeusi na saa ya mkononi aliyoiangalia hata akiwa anajua saa ngapi. Alikuwa mtu mwema, nasema kweli. Aligawa miche ya kahawa kwa wajane bila kuulizwa. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni sala ndefu. Alianzia kwenye uumbaji, akapita kwa Nuhu, akakaa Misri muda mrefu sana, akaja kwa manabii mmoja mmoja, kisha Rais na mawaziri, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, mvua, bei ya kahawa, na wasafiri wote wa nchi kavu na majini. Siku moja kwenye sala ya nyumbani niliona mtoto mchanga akinyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena, na Katibu hajavuka Bahari ya Shamu.

Mpiga Kengele hakufumba macho kwenye sala hizo. Alikuwa akimenya ndizi kimya kimya pale pale alipokaa, na Katibu alipofika "amina" mtori ulikuwa umeshawekwa jikoni.

Walipambana miaka mingi. Kiangazi kimoja mvua ilikataa kabisa, majani ya ng'ombe yakaisha hata kule tambarare, naye akapiga kengele akisema kwa sauti shairi ambalo watoto walilinasa wakaliimba njia nzima:

Baba, ng'ombe ana njaa,
Mvua nayo yakataa,
Inuka, mbona wakaa?

Katibu alimfuata penye kamba, kofia mkononi.

"Mama, unamwuliza Mungu mbona amekaa?"

"Kila Jumapili tunakiri ameketi. Nimemwomba ainuke kidogo tu."

"Aliyeketi mkono wa kuume ni Mwana!"

"Basi, Katibu, hapo walipo wawili si mbali. Ataambiwa."

Mvua ilipokuja, kila mmoja alidai ni yake. Katibu alisema ni ile sala yake ya Jumapili, iliyowafanya wazee wawili waende nje na kurudi. Mpiga Kengele alisema mvua ingekuja mapema zaidi kama foleni ya sala isingekuwa ndefu kule mbele.

Unaona kwamba tulicheka sana. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na jambo ambalo mimi niliambiwa mara moja tu, tukiwa tunakata majani. Nilimwuliza kwa nini hakubali kupumzika, wapo wanawake wenye nguvu wangeweza kumpokea kamba. Akasimama na mundu wake.

"Mwalimu, mimi bila kamba sijui kusali. Nimejaribu kupiga magoti. Mikono yangu ikikaa bure, mdomo unasema uongo. Nikishika kamba, siwezi kudanganya. Kengele inakwenda kwa watu wote."

Kwa hiyo unapomsikia Katibu akisema kwamba kamba itafutiwe mtu mwenye saa na utaratibu, ujue alichokuwa akikigusa. Kwake Katibu ilikuwa kamba. Kwake mama yule ilikuwa sala yenyewe, nayo ndiyo aliyokuwa karibu kuipoteza.

Ikafika Jumamosi ile.

Katibu alikuwa ameshuka Moshi mjini kupimwa kifua. Alikuwa amekohoa majuma kadhaa, na kila mtu alijua. Kabla ya kupanda basi alikuwa amepita kwa mchungaji kumwambia kwamba akirudi ataweka jambo la kamba mbele ya baraza. Mpiga Kengele alizipata habari hizo saa tisa. Saa kumi akashika kamba akiwa na hasira, akaamua kumsema kwa Mungu.

Pigo la kwanza: Bwana, huyu mtumishi.

Pigo la pili: Sala zake haziishi.

Kisha ikabidi aombe. Kanuni ni yake mwenyewe, aliiweka yeye: mstari wa tatu unaomba kitu kimoja. Akatafuta. Aliniambia baadaye kwamba vina vilikuwepo tele, vya kumtosha. Kilichokosekana kilikuwa kitu chema cha kumtakia Katibu. Alipekua moyo wake wote kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani makavu, asipate hata kimoja. Akavuta kamba bila neno, ili asikae kimya mno. Akatafuta tena. Akavuta. Akatafuta. Akavuta.

Nawe umeshajua kilichosikika mlimani. Pigo moja, kimya kirefu. Pigo lingine, kimya.

Watu wa kwetu kengele ya msiba ikilia hawaulizi kwanza, huulizia njiani. Wanawake walitoka na mikungu ya ndizi kichwani na vibuyu vya maziwa. Wanaume walishika mapanga wakakate nguzo za kibanda. Wengine walijitwika majani, maana nyumba ya msiba haina mtu wa kumkatia ng'ombe. Njia panda wakakutana.

"Nani?"

"Sijui. Nani alikuwa mgonjwa?"

"Si Katibu kashuka mjini na kifua?"

"Mungu wangu! Katibu!"

Basi wote wakageukia kwa Katibu. Mke wake, mama mpole aliyefuga nyuki, alikuwa akichambua kahawa barazani alipoona umati unakuja na ndizi na huzuni. Hakuna aliyemwambia neno. Aliangalia zile ndizi, akaelewa, akapiga yowe.

Mimi nilifika wakati wanaume wawili wanapima kwa kamba mahali pa kaburi, wakibishana kama lielekee mgomba huu au ule. Mzee mmoja wa kanisa, aliyetakiwa aseme machache juu ya marehemu, alisimama akavua kofia. "Ndugu yetu alikuwa mtu wa sala," akasema. "Alisali. Kwa kweli, alisali." Akafikiri. "Bwana ametoa." Akakaa.

Nyuma yetu sauti ikauliza, "Umemaliza?"

Alikuwa Katibu, ametoka kwenye basi la jioni, ameshika kifurushi cha sukari alichokipangia foleni mjini. Watu watatu walikimbia. Mkewe alimrukia shingoni, akamkumbatia, kisha akamkung'uta begani kwa ungo. "Umenitia aibu! Nimeshalia mbele ya watu!" Katibu hakumjali. Alikuwa bado anamwangalia yule mzee. "Maneno matatu?" alisema. "Miaka yote hii ya utumishi, maneno matatu?"

Tulikunywa yale maziwa. Ndizi hazikurudishwa, maana haifai kurudisha. Lakini baraza liliitwa Jumanne.

Mimi nilikuwepo kuandika kumbukumbu. Wote tulitegemea Mpiga Kengele aseme kamba ilinasa, nasi tungeandika "kamba ilinasa" na mambo yaishe. Mchungaji hata alimsaidia. "Mama, labda kamba ilikuwa na unyevu?"

"Kamba ilikuwa kavu, mchungaji," akasema. "Nilikuwa namwombea Katibu. Nikakosa la kumwombea."

Mchungaji alitoa leso akakohoa ndani yake muda mrefu, mabega yakitikisika. Lakini Katibu hakucheka. Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu yule anaweza kuumia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kamba ataishika yeye mwenyewe, kwa saa, kumi na mbili kwa hesabu. Hakuna aliyepinga.

Kesho yake asubuhi Mpiga Kengele alikata jani la isale kwenye ua wake, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akalipeleka kwa Katibu. Mtu akikuletea isale kwetu huna pa kupita, lazima usamehe. Katibu alilipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe," akasema. "Kamba ni jambo lingine."

Ikaanza miezi mibaya. Katibu alipiga kengele kwa usahihi wa kutisha, mapigo kumi na mawili, yakifuatana kama mtu anayegonga misumari. Mpiga Kengele alikaa benchi la nyuma, mikono ndani ya kanga. Nilimwuliza anaendeleaje na sala. Akasema haendelei.

Mimi, kwa tabia yangu ya ualimu, nilimtafutia njia. Nilimwambia ajaribu kusali akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, maana nacho kina mwendo wake. Alijaribu juma zima. "Siagi imepatikana," aliniambia. "Mungu hakupatikana."

Nikamwambia basi atafute tu kile kitu kimoja chema cha kumtakia Katibu, huenda mlango umefungwa hapo. Akafikiri sana.

"Apate viatu vipya."

"Vizuri, mama! Umeona? Kwa nini viatu?"

"Vimfikishe mbali."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha ghafla akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Hapo ndipo nilipoacha kumfundisha. Kuna mambo mwalimu akiyaeleza sana anayaharibu.

Masika ilipoanza, mke wa Katibu aliugua homa ya mapafu. Hakuchukua hata juma moja.

Nilikuwa napita asubuhi kwenda shule, ukungu bado uko kwenye migomba, nikamwona Katibu amesimama kwenye ua wa Mpiga Kengele. Alikuwa kichwa wazi, na mvua inamnyeshea. Mpiga Kengele alikuwa mlangoni na ndoo ya kukamulia. Yule mtu aliyekuwa akianzia kwenye uumbaji alisema maneno haya tu: "Mama, mwenzangu hayupo. Nimeshika kamba, nimeshindwa."

Aliweka ndoo chini. Tulikwenda sote watatu mpaka kanisani. Katibu alibaki chini ya upenu wa sakristia. Mimi nilisimama karibu na nguzo, ndiyo maana nilisikia.

Mama akashika kamba mahali pake pa zamani. Akavuta. "Bwana," akasema.

Kimya. Akavuta. "Huyu amebaki na nyumba kubwa."

Kimya kirefu. Niliona vidole vyake vinatembea kwenye kamba. Nilijua anatafuta, na nilijua ni mstari gani, na nakuambia kweli nilishikilia nguzo ile kama vile mimi ndiye niliyetakiwa kuupata. Akavuta.

"Kaa naye."

Halafu pigo la nne, bila neno.

Halikuwa na vina. Mizani ilivunjika yote. Darasani ningemkata alama. Alirudia yale yale mpaka milima yote ikajua, na watu wakaanza kuteremka na ndizi na maziwa na majani, safari hii kwa haki. Katibu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, analia kwa sauti bila kujificha, na Mpiga Kengele akaendelea kuvuta kamba.

Kamba ilibaki kwake. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna kumbukumbu iliyoandikwa. Katibu hakubadilika hata kidogo, asikudanganye mtu. Pasaka iliyofuata tulikaa Misri kuliko wakati wowote. Lakini watu waliokaa karibu na Mpiga Kengele walisema siku hizi hufumba macho, angalau mpaka Nuhu.

Baadaye nilihamishiwa Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, ambako jua lilinifundisha kuukumbuka ukungu. Nilirudi kumwona baada ya miaka kadhaa, wakati ule sabuni na sukari vilipokuwa adimu kuliko habari njema. Kengele ilikuwa imepewa mtu mwingine. Yeye alikuwa amelala kitandani, amekuwa mdogo kama furushi la nguo, na yale mabega yamekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nione viatu." Nikainua mguu. "Tope jeusi. Bado uko huko kwa mpunga."

Nilimwuliza, kwa hofu kidogo, kama anaweza kusali sasa, mikono ikiwa imelala hivi. Akasema siku hizi hatafuti mistari mitatu, anasema mmoja tu, wa kumwombea mtu mmoja tu, na siku inatosha. "Asubuhi napata mtu. Wakati mwingine mtu mwenyewe simpendi, napata neno lake jioni."

Tulikuwa tunaongea hivyo, kofia nyeusi ikapita dirishani. Katibu aliingia na fimbo, akashusha pumzi, akasema amekuja kusali na mgonjwa kama anavyokuja kila Alhamisi. Kisha akasema, akimwangalia kwa jicho la pembeni, "Nitafupisha, mama. Najua unavyopenda."

Mpiga Kengele alijivuta kwenye mto.

"Leo usifupishe," akasema. "Leo refusha, Katibu. Sina pa kwenda."

Katibu alimwangalia kuona kama anataniwa. Hakutaniwa. Basi akavua kofia, akaiweka kitandani, akafumba macho, akaanzia pale ulimwengu ulipokuwa ukiwa na utupu. Alipofika kwa Nuhu, mama alikuwa akitabasamu. Alipofika Misri alikuwa amelala usingizi mzuri, mdomo wazi kidogo. Mimi nilimgusa Katibu mkono, nikamwonyesha. Alifumbua jicho moja, akaona, akalifumba tena, akaendelea na safari yake bila kuruka hata nabii mmoja. Chai yangu ilipoa, ikaota ngozi juu. Ndiyo sala pekee ya Katibu ambayo sikutaka iishe.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, nina kazi ndogo kwako, na haihitaji kanisa. Leo, kabla hujala, mfikirie mtu mmoja usiyempenda, uandike mstari mmoja wa kumwombea jambo jema, uwe mfupi usomeke kwa pumzi moja. Usome mara moja, unyamaze. Usipoupata leo, jaribu kesho.